Chumba cha mtoto: Wapi umwage pesa, wapi ubane

Mtoto wako amefikisha miaka mitatu na bado analala katikati yenu kama refa wa ndondi. Usiku anakupiga teke la mbavu, asubuhi unafika kazini macho mekundu, na wikendi hii mmekubaliana kwamba lazima mtoi apate kitanda chake. Unafungua simu. TikTok inakuonyesha kitanda chenye umbo la gari, kabati jeupe linalong'aa na taa za nyota zinazozunguka darini. Bei yake inashinda kodi yako ya miezi mitatu. Unasukuma kidole kidogo tu, unakutana na kitanda kingine cha elfu sita, na muuzaji anaahidi kukuletea hadi mlangoni leo leo. Sasa ununue gani?

Wengi wetu tulio kwenye miaka ya ishirini na kitu tuko hapo. Tunalea kwenye keja ya chumba kimoja ama viwili huko Rongai, Umoja, Kahawa West ama Mlolongo, na mshahara ukifika tarehe kumi unaanza kupumua kwa shida. Ukiuliza ushauri, shangazi atakuambia rahisi ni ghali, jikaze ununue kitu cha maana mara moja. Rafiki yako naye atakuambia watoto hukua haraka, usichome doo. Wote wawili wana ukweli wao, na ndiyo maana ukiwasikiliza wote unarudi nyumbani umechanganyikiwa zaidi.

Mimi naona swali lenyewe ndilo limekaa vibaya. Hakuna haja ya chumba kizima kuwa cha bei ghali ama cha bei rahisi. Gawanya vitu makundi mawili. Kundi la kwanza ni vitu vinavyobeba mwili wa mtoto, na vitu vinavyoweza kumwangukia. Hapo toa pesa, hata kama ni kwa kujinyima. Kundi la pili ni vitu vya kupendeza macho, pamoja na vile ambavyo mtoto ataviacha baada ya mwaka mmoja ama miwili. Hapo bana bila aibu.

Hesabu ya kugawanya

Mimi niliondoka chuoni kabla ya kuvaa joho, lakini hesabu ya kugawanya sikuiacha kule. Ichukue nayo wewe pia ukienda dukani. Bei iliyo kwenye karatasi haikuambii mengi mpaka uigawanye kwa miaka ambayo kitu hicho kitatumika.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Kitanda cha kwanza ni Sh8,000. Mwaka wa pili mbao za chini zinavunjika, unamlipa fundi Sh1,500. Mwaka wa tatu miguu imelegea na unakipeleka kwa wa kuni. Umetumia Sh9,500 kwa miaka mitatu, yaani kama Sh3,170 kwa mwaka. Kitanda cha pili ni Sh22,000, mbao imara, futi tatu kwa sita. Mtoto anakilalia toka miaka mitatu hadi kumi na minne. Hiyo ni Sh2,000 kwa mwaka, na bado mdogo wake anaweza kukirithi.

Sasa ongeza kile kitanda cha umbo la gari. Tuseme ni Sh45,000 na urefu wake ni futi tano. Mtoto akifika miaka saba, miguu inagonga mwisho na tena anaona haya kwa sababu marafiki zake wanakiita cha katoto. Miaka minne, Sh11,250 kwa kila mwaka. Umeona? Kitu cha bei ya juu kabisa ndicho kilichokula pesa zaidi, na hakikuwa imara kuliko kile cha pili. Bei kubwa mara nyingi unailipia umbo na rangi.

Kwa hivyo ukiulizwa ununue saizi gani, jibu langu ni futi tatu kwa sita tangu mwanzo. Futi sita ni karibu sentimita 183, urefu ambao watu wazima wengi hawaufikii. Ruka kile kitanda kidogo cha kati, cha mtoto aliyetoka kwenye kitanda chenye vizuizi. Mtengenezee kikubwa kilicho chini, godoro likae kama futi moja na kidogo kutoka sakafuni, na upande mmoja uwekwe ubao wa kumzuia asibingirike. Ubao huo ufungwe kwa skrubu ili uondolewe akishazoea.

Kinachobeba mwili

Kitanda hakivunjikii kwenye mbao ndefu unazoziona. Huvunjikia kwenye viungo na kwenye zile mbao za katikati zinazobeba godoro. Kwa hivyo ukifika kwa fundi, iwe ni pale Ngong Road, Gikomba, Kibuye kule Kisumu ama karibu na mtaa wako, usianze kwa kusifu vanishi. Inama uangalie chini.

Mbao za kubeba godoro ziwe karibu karibu. Kukiwa na nafasi kubwa, godoro linazama hapo katikati na mgongo wa mtoto unazama nalo. Katikati ya kitanda kuwe na mhimili unaopita kwa urefu ama mguu wa kuzishikilia. Watoto hawalali tu kitandani, wanakifanya uwanja wa kuruka, na ubao wa inchi moja usio na mhimili hauna hadithi ndefu.

Kisha angalia viungo. Vipande viwili vikiwa vimegongwa misumari tu, kila mara mtoto akiruka msumari unasogea kidogo kidogo hadi utoke. Kiungo kizuri ni kile ambacho kipande kimoja kimechongwa ulimi unaoingia kwenye tundu la kingine, kikashikwa kwa gundi. Pale panapounganisha pande ndefu na kichwa cha kitanda, dai bolti na nati. Sababu ni kwamba wewe ni mpangaji. Utahama. Kitanda cha misumari kikifunguliwa mara mbili mashimo yanakuwa makubwa na hakikazi tena. Cha bolti unakifungua kwa spana, unakipakia kwenye mkokoteni ama pikapu, unakifunga upya Ruiru kama ulivyokuwa umekifunga Zimmerman.

Mbao yenyewe? Mahogani na mvule ni nzuri, ila hazilazimiki kwa kitanda cha mtoto. Saipresi iliyokauka vizuri inatosha kabisa. Neno la muhimu hapo ni kukauka. Mbao mbichi inapokauka ikiwa tayari ni kitanda, inapinda, inapasuka na viungo vinalegea. Shika mbao mbili za ukubwa sawa, ile iliyo nzito kupita kiasi na baridi mkononi huenda bado ina maji. Angalia pia kama kuna mipasuko iliyojazwa unga wa mbao na gundi. Huo ni ufundi wa kuficha, na vanishi ikishapakwa hutauona tena.

Vipi hivi vitanda vya MDF na chipubodi vilivyojaa mitandaoni? Hizo ni mbao zilizotengenezwa kwa nyuzi ama vipande vya mbao vilivyosagwa, vikachanganywa na gundi na kugandamizwa. Zina sura safi, hazipindi kama mbao mbichi, na kwa rafu ya vitabu hazina neno. Shida yake ni maji. Maji yakipenya kwenye ukingo ambao haujazibwa, ubao unafura kama mandazi na haurudi. Na wewe unajua mtoto wa miaka mitatu anafanya nini usiku. Kitanda chake kitapata unyevu, ahadi hiyo unaweza kuipewa na mzazi yeyote. Skrubu nazo zikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa kwenye chipubodi, shimo linamung'unyuka. Ukihama mara mbili, kitanda kinacheza kama meno ya bandia. Kama lazima ununue cha aina hiyo, hakikisha kingo zote zimezibwa na mbao za kubeba godoro ni mbao halisi.

Godoro nalo ndilo hasa mtoto analolalia, ajabu ni kwamba watu humaliza pesa kwenye kitanda halafu wananunua godoro la kubahatisha. Usidanganywe na unene. Godoro la inchi nane lililojaa hewa ni duni kuliko la inchi sita lenye sponji nzito. Libonyeze kwa ngumi uachilie, sponji nzuri inarudi juu haraka, nyepesi inabaki na shimo. Linyanyue pia, kwa sababu sponji nzito ina uzito wa kweli. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, na ukiitilia shaka tuma ujumbe wenye SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023 uone kama ni ya kweli. Halafu nunua kifuniko kisichopitisha maji. Hicho kifuniko kitakulindia godoro kuliko maombi.

Kinachoweza kumwangukia

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena pesa.

Juni 2016 kampuni ya IKEA, mojawapo ya wauzaji wakubwa kabisa wa fanicha duniani, ilitangaza kurejeshwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani. Watoto kadhaa walikuwa wamekufa baada ya makabati kuwaangukia. Wateja waliambiwa warudishiwe pesa ama wapewe vifaa vya kuyafunga ukutani. Miaka sita baadaye, Desemba 2022, Marekani ikapitisha sheria inayolazimisha makabati ya nguo kupimwa kama yanaweza kusimama bila kuanguka mtoto anapoyavuta ama kuyapanda.

Jinsi ajali hiyo inavyotokea ni rahisi kuelewa. Mtoto anataka kitu kilicho juu. Anafungua droo ya chini, ya pili na ya tatu, anazifanya ngazi. Droo zikiwa wazi zote, uzito wa kabati umehamia mbele. Ongeza kilo kumi na tano za mtoto. Kabati linamfuata. Inachukua sekunde chache, na mara nyingi mzazi yuko chumba cha pili akiamini mtoto amelala.

Sasa fikiria nyumba zetu. Droo ndefu iliyo wima, na juu yake kuna televisheni, sanduku la nguo za msimu wa baridi na blanketi. Kabati la mahogani la bei ya juu halikuokoi hapa, likianguka ndilo litakaloumiza zaidi kwa sababu ni zito. Kinachookoa ni vipande viwili vya chuma vyenye umbo la L, skrubu nne na plagi za ukutani. Fundi wa mtaani akiwa na mashine ya kutoboa anamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Najua utasema landilodi hataki mashimo. Ongea naye kabla, mwambie ni ya usalama wa mtoto na kwamba utayaziba ukihama. Shimo la skrubu linazibwa kwa simenti nyeupe kidogo na rangi. Akikataa kabisa, basi usiweke kabati refu chumba cha mtoto. Weka la chini lisilofika kifuani mwake, vitu vizito vikae droo ya chini kabisa, na juu yake pasiwe na kitu cha kumvutia. Televisheni itafutiwe mahali pengine.

Jambo la mwisho la kundi hili halihitaji hata shilingi. Kitanda kisikae chini ya dirisha. Kwenye fleti ya ghorofa ya nne, kitanda ni ngazi ya kufikia dirisha, na si kila jengo lina grili.

Mkiwa na wawili: habari ya deka

Chumba kidogo na watoto wawili, wengi mnawaza deka. Wazo zuri, linaokoa nafasi. Lakini lina masharti, na kanuni za usalama za Marekani ziko wazi hapa. Mtoto aliye chini ya miaka sita asilale juu. Vizuizi vya juu viwe pande zote mbili, hata ule uliogusa ukuta, kwa sababu kitanda husogea na mtoto anaweza kunasa katikati. Kizuizi kiwe juu ya godoro kwa angalau inchi tano. Watu wengi huharibu hapo: kitanda kimetengenezwa vizuri, halafu wanaweka godoro la inchi nane na kizuizi kinamezwa chote. Kwa deka, godoro la juu liwe jembamba. Nafasi kati ya mbao za kizuizi zisizidi inchi tatu na nusu, mwili wa mtoto usije ukapita kichwa kikabaki.

Na usidharau deka ya chuma, ile uliyoilalia bweni. Fundi wa kuchomelea vyuma anakutengenezea kwa bei ya chini kuliko ya mbao, unachagua urefu wa kizuizi, na haina mianya mingi kama mbao. Pitisha kiganja kwenye kila pembe uhakikishe hakuna ncha kali, na utikise ngazi kwa nguvu zako zote. Kama inalia ukiitikisa wewe, italia zaidi mtoto akiipanda mara ishirini kwa siku.

Vitu vya mtumba

Mtumba unaweza kuwa akiba kubwa kuliko zote. Familia zinazohama nchi huuza vitu imara kwa bei ya kutupa, na kwenye Facebook Marketplace ama Jiji hukosi kitu kila wiki. Lakini uende ukiwa na macho.

Kwa kitanda cha mtoto mchanga chenye vizuizi, beba mkebe wa soda. Nafasi kati ya fito ikiruhusu mkebe upite, acha. Zisizidi sentimita sita. Kama upande mmoja unateremka na kupanda kama shata la duka, acha pia, hata ukiwa unauzwa kwa bei ya embe. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa aina hiyo mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa, na vitanda vya zamani vya nchi nyingine vinaweza kuishia kwenye masoko yetu. Godoro lake likae barabara. Vidole viwili vikiingia kati ya godoro na ubavu wa kitanda, pengo ni kubwa mno. Na mtoto mchanga halaliwi na mito wala madoli laini pembeni, hata kama picha za Insta zinasema vingine.

Kwa fanicha yoyote ya mbao, kagua mianya ukitumia tochi ya simu. Vidoa vyeusi vidogo kwenye viungo na matundu ya skrubu ni dalili ya kunguni, na ukishaingiza kunguni kwenye fleti, majirani wote watakujua kwa jina. Vitundu vidogo vinavyomwaga unga ni wadudu wanaokula mbao kutoka ndani. Godoro la mtumba mimi singelinunua kwa mtoto.

Uliza pia habari ya rangi. Rangi nyingine, hasa za zamani, zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi. Mtoto anayeota meno huguguna ukingo wa kitanda kama panya, kwa hivyo rangi kuukuu inayobambuka haifai kabisa. Ukitengenezewa kipya, mwambie fundi akuonyeshe mkebe wa rangi, usikubali ile iliyopimwa kwenye chupa isiyo na jina.

Wapi ubane bila aibu

Sasa tufike pale utakaporudisha pesa zako. Kabati la nguo la mtoto wa miaka mitatu linaweza kuwa droo za plastiki za chini ama vikapu chini ya kitanda. Nguo zake zenyewe zinaingia kwenye begi moja. Vitu vya kuchezea viingie kwenye ndoo, beseni ama kiondo cha zamani. Sanduku la mbao lenye kifuniko kizito liache, kinabana vidole.

Meza ya kusomea usiharakishe. Mtoto wa PP1 anachora akiwa amelala kifudifudi sakafuni, na kazi za shule za CBC zinamhitaji mzazi pembeni, kwa hivyo meza ya sebuleni inafaa zaidi. Meza yake mwenyewe ngoja hadi afike kama Gredi ya Nne. Wakati huo umpime: akikaa, viwiko viwe sawa na meza na nyayo ziguse chini.

Mapazia, stika za ukutani na zile taa za nyota ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo hasa mtoto anavyoviita "chumba changu". Kitanda kiwe cha rangi ya mbao, shuka ndiyo iwe ya Spider-Man. Mwaka ujao akihamia dinosau, umebadilisha shuka tu.

Kabla ya kutuma M-Pesa

Ukiamua kwa fundi, kuna mambo ya kufanya. Pima chumba, pima mlango, pima kona ya ngazi za fleti yenu. Kuna vitanda vimewahi kulala kwenye korido wiki nzima kwa sababu havikupinda kona. Mtumie fundi mchoro na vipimo kwa WhatsApp ili maneno yasigeuke. Lipa malipo ya kwanza, usilipe yote. Halafu, na hili ni la muhimu, mkubaliane utakiona kitanda kikiwa kimeungwa lakini hakijapakwa vanishi. Nenda siku hiyo. Kikalie, kitikise, angalia viungo. Fundi mwenye kazi safi hatakasirika. Kisha umlipe vizuri, usimkande hadi ashindwe kununua mbao kavu, kwa sababu pale utakapomkaba ndipo atakapoingiza ile mbichi.

Ofa za lipa mdogo mdogo nazo zizidishe kabla ya kuzifurahia. Sh100 kwa siku inaonekana bei ya soda na mandazi. Kwa mwaka mzima ni Sh36,500. Kama kitanda hicho taslimu ni Sh25,000, umelipa zaidi ya elfu kumi na moja kwa ajili ya kutosubiri. Afadhali zamu yako ya chama. Ama kama mnafanyiwa sherehe ya kukaribisha mtoto, mwambie anayepanga awaombe wageni wachange kitanda kimoja, badala ya kukuletea mablanketi tisa ya rangi moja.

Na tafadhali usichukue mkopo wa simu ili chumba kifanane na cha mtu wa mtandaoni. Tunabanana sisi kwa sisi na hizi picha. Mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti ya mahogani na saipresi. Ataijua siku mzazi anapofoka nyumbani kwa sababu ya deni.

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua godoro zuri na kifuniko chake. Liweke chini juu ya mkeka, na kila asubuhi uliinue liegemee ukuta lipate hewa, lisije likaota ukungu. Mwezi ukijibu, funga lile kabati mlilo nalo ukutani. Kitanda kije cha tatu. Mtoto aliyelala chini juu ya godoro zuri, kwenye chumba ambacho hakuna kitu cha kumwangukia, hajakosa chochote. Na Jumamosi ukienda kwa fundi, weka mfukoni tepu ya kupimia, mkebe wa soda na tochi ya simu ikiwa na chaji.